Malengelenge ya Sehemu za Siri: Ni Wangapi Walio Nayo, na kwa Nini Si Sawa Kila Mahali?



Tukitembelea vikundi huwa tunabeba sanduku dogo la viatu lenye tundu juu. Mtu akiwa na swali ambalo hawezi kuuliza mbele za watu, analiandika kwa karatasi bila jina na kulitia ndani. Maswali mengi huwa ni ya kuku, ya mikopo, na ya mwenyekiti ambaye hataki kuitisha uchaguzi. Lakini siku moja, katika kikundi cha akina mama upande wa magharibi, ilitoka karatasi hii:

"Nina watoto wanne na sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu. Nilitokwa na vipele vya maji huko chini, nikaenda hospitali, nikaambiwa ni malengelenge, ni ugonjwa wa zinaa na hauishi mwilini. Bwana alinirudisha kwa mama. Kikundi nacho kimesema nisipike tena siku ya mkutano. Swali langu ni hili: watu wenye ugonjwa huu ni wangapi, ama ni mimi peke yangu?"

Tulisoma tukanyamaza. Mama huyu hakuuliza dawa. Hakuuliza nani amemletea. Aliuliza hesabu. Na hesabu hiyo iko, imefanywa hapa kwetu Kenya na nchi nyingine pia, ila haijafika vijijini. Ndiyo sababu tumeamua kuiandika katika toleo hili.

Jibu fupi ni kwamba hayuko peke yake hata kidogo. Siku hiyo tulikuwa watu arobaini hivi chini ya ule mwembe. Kama sisi tulifanana na Kenya nzima ilivyopimwa mwaka wa 2007, basi watu kumi na wanne kati yetu tulikuwa na virusi hivyo mwilini, na wengi wetu hatukuwa na habari.

HESABU YENYEWE ILIVYOPATIKANA

Mwaka wa 2007 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa wa UKIMWI nchi nzima. Nyumba zilichaguliwa kwa njia ya kura, mijini na mashambani, na watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 wakaombwa kutoa damu. Waliokubali walizidi 15,000. Damu hiyo haikupimwa virusi vya UKIMWI peke yake. Ilipimwa pia kaswende, na ilipimwa virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, ambavyo madaktari huviita herpesi aina ya pili.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini wasihesabu tu wagonjwa walioandikwa katika vitabu vya hospitali? Hebu fikiria mbuzi. Ukitaka kujua ni mbuzi wangapi kijijini wana minyoo, huwezi kuhesabu wale walioletwa kwa daktari wa mifugo peke yao, maana hao ni wale waliokwisha konda na ambao mwenyewe ana pesa. Ni lazima uingie kila boma utakaloangukia kwa kura, ushike mbuzi mnono na mbuzi mkonde, uwapime wote. Ugonjwa unaojificha hauhesabiwi kwa foleni ya zahanati.

Na malengelenge hujificha sana. Virusi vikishaingia hupanda kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo na kukaa humo maisha yote. Mara kwa mara hushuka tena hadi kwenye ngozi. Kwa mtu mmoja vitaleta vipele vya maji vyenye kuchoma, vikipasuka vinakuwa vidonda, na baada ya wiki mbili au tatu vinakauka. Kwa mwingine ni mwasho kidogo tu, anafikiri ni sabuni au chupi ya kubana. Kwa wengi hakuna kitu kabisa. Huko Marekani, ambako hospitali ni nyingi na vipimo vinapatikana, watu wenye virusi hivi waliulizwa kama daktari amewahi kuwaambia kwamba wana ugonjwa huo. Hesabu ya miaka ya 2007 hadi 2010 ilionyesha kwamba kwa kila watu mia, themanini na saba hivi hawakuwa wameambiwa kamwe. Sasa fikiria kwetu.

Kipimo cha damu hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili uliwaandikisha siku virusi vilipoingia. Askari hao hawastaafu. Kwa hivyo kipimo kinaweza kusema "virusi viliwahi kuingia hapa," lakini hakiwezi kusema viliingia mwaka gani, wala viliingia kwa mlango gani. Tafadhali weka jambo hilo akilini, tutalirudia.

Basi matokeo ya 2007 yalikuwa hivi. Virusi vya UKIMWI: watu saba hivi kwa kila mia. Kaswende: hawakufika wawili kwa mia. Malengelenge: thelathini na tano kwa mia. Ndiyo, umesoma vizuri, thelathini na tano. Wanawake walikuwa arobaini na wawili kwa mia, na wanaume ishirini na sita.

TANGI LA MAJI

Tulipotaja hesabu hii katika mkutano mmoja wa viongozi wa vikundi, mzee mmoja alisimama kwa hasira. Alisema kama ni hivyo basi nusu ya akina mama wa Kenya ni malaya. Wanawake walimzomea, na mkutano karibu uvunjike.

Hasira yake tunaielewa, lakini mzee alikosea hesabu. Alichukua idadi ya watu wanaobeba virusi akaifanya kuwa idadi ya watu wanaofanya dhambi leo. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na njia rahisi ya kuona tofauti ni kuangalia tangi la maji ya mvua, lile ambalo vikundi vingi vimejenga kwa harambee.

Maji yaliyo ndani ya tangi hutegemea mambo mawili. La kwanza ni mvua inayoingia. La pili ni mfereji wa kutolea maji. Tangi lenye mfereji ulio wazi halijai hata mvua ikinyesha vizuri. Lakini tangi lisilo na mfereji wowote litajaa hata kwa manyunyu. Unahitaji subira tu.

Kaswende ni tangi lenye mfereji. Sindano ya penisilini inaiponya, na tena mama mjamzito akienda kliniki hupimwa na kutibiwa. Kwa hivyo watu huingia na kutoka, na siku ukihesabu unapata wachache. Malengelenge ni tangi lisilo na mfereji. Aliyeambukizwa akiwa na miaka kumi na minane atahesabiwa tena akiwa na miaka arobaini, na tena akiwa nyanya wa wajukuu sita, hata kama tangu siku hiyo ameishi maisha ya kitawa. Hata katika nchi yenye watu wenye adabu sana, ugonjwa usiotoka mwilini utaonekana kuwa mkubwa. Ndiyo maana pia hesabu hupanda kadiri umri unavyopanda. Vijana huwa ni wachache, wazee ni wengi. Si kwamba wazee ndio wanaambukizwa leo. Wamebeba mzigo wa tangu ujana wao.

Kwa hivyo mkisikia redioni "watu asilimia fulani wana ugonjwa fulani," ulizeni kwanza: hao ni wote walio nao, wa zamani na wa sasa, ama ni wale wapya wa mwaka huu? Swali hili linafaa kwa kila ugonjwa. Linafaa hata kwa UKIMWI: tangu dawa za kupunguza makali zilipoenea, wenye virusi wanaishi miaka mingi, wanalima, wanasomesha watoto, na kwa hivyo wanabaki katika hesabu. Hesabu kubwa wakati mwingine ni habari njema iliyovaa nguo mbaya.

NCHI MOJA NA NYINGINE

Kenya haiko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria hali ya mwaka wa 2016 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Katika Afrika, wanawake wenye malengelenge aina ya pili walikuwa arobaini na wanne kwa mia, na wanaume ishirini na watano. Ukiangalia utaona hesabu hiyo inakaribiana sana na ile yetu. Katika bara la Amerika ilikuwa wanawake ishirini na wanne na wanaume kumi na wawili. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka wa 2020 yanasema watu milioni 520 wa umri huo wanavyo virusi hivi, yaani kumi na watatu kwa kila mia.

Tena kuna aina ya kwanza, ile ya vipele vya midomoni ambavyo watu hupata baada ya homa. Hiyo karibu kila mtu huipata akiwa mtoto, kwa kubusiwa na shangazi. Siku hizi, hasa katika nchi ambako watoto hukua bila kuipata, aina hii pia inaenea kupitia mapenzi na kuleta vidonda vilevile vya sehemu za siri. Ukijumlisha aina zote mbili, watu wenye malengelenge ya sehemu za siri duniani mwaka wa 2020 walikuwa milioni 846, zaidi ya mmoja kwa kila watano wa umri wa miaka 15 hadi 49. Huyo mama wa karatasi ana ndugu wengi.

Marekani wamepima kwa miaka mingi, na hesabu yao inafundisha. Katika miaka ya 2015 na 2016, kwa watu wa umri wa miaka 14 hadi 49, walioambukizwa aina ya pili walikuwa kumi na wawili kwa mia. Wanawake walikuwa kumi na sita, wanaume wanane. Lakini ukigawa watu kwa asili yao, wale wa asili ya Asia walikuwa wanne kwa mia, Wazungu wanane, wa asili ya Mexico tisa, na Wamarekani weusi thelathini na watano.

Hapo ndipo mtu hukimbilia kusema mambo ya ovyo. Mwingine atasema ni ngozi. Mwingine atasema ni tabia. Lakini wakuu wa afya wa Marekani wenyewe walieleza mwaka wa 2010 kwamba tofauti hiyo haitokani na watu weusi kuwa na wapenzi wengi kuliko wengine. Sababu kubwa ni hii: watu huoa na kupendana ndani ya jamii yao. Kama katika jamii yako virusi vimekwisha kuwa vingi, basi msichana atakayempenda mtu mmoja tu maisha yake yote ana hatari kubwa kuliko msichana wa jamii nyingine mwenye wapenzi watatu. Ni kama kuvuka mto. Mmoja anavuka mara moja palipo na mamba wengi, mwingine anavuka mara tatu palipo na mamba mmoja. Usimwangalie aliyeumwa ukasema ndiye aliyezoea kuogelea.

Jambo jingine ambalo hesabu ya Marekani inaonyesha ni kwamba idadi inaweza kushuka. Miaka ya 1999 na 2000 walikuwa kumi na wanane kwa mia, na kufikia 2016 wakawa kumi na wawili. Tangi bila mfereji linapungua polepole, kwa sababu wazee wanaondoka na vijana wachache zaidi wanaambukizwa.

MIJI MINNE

Mfano tunaoupenda kuliko yote ni wa hapa Afrika. Mwaka wa 1997 na 1998 wataalamu walipima watu katika miji minne: Kisumu hapa kwetu, Ndola nchini Zambia, Yaoundé nchini Kamerun na Cotonou nchini Benin. Walitaka kujua kwa nini UKIMWI ulikuwa umejaa Kisumu na Ndola, karibu mtu mmoja kwa kila wanne, wakati Yaoundé ulikuwa karibu sita kwa mia na Cotonou kati ya watatu na wanne tu.

Wengi walitarajia wangekuta watu wa Kisumu na Ndola wana wapenzi wengi. Kumbe sivyo. Watu wenye wapenzi wengi zaidi walipatikana Yaoundé, ambako ugonjwa ulikuwa mdogo. Tunajua kuna wasomaji wa Nyanza ambao wamebeba lawama hii kwa miaka mingi, kwenye matatu, kwenye mikutano, hata kanisani. Wasome tena sentensi hiyo.

Sasa malengelenge. Kisumu, wanawake sitini na wanane kwa mia walikuwa nayo, na wanaume thelathini na watano. Ndola wanawake hamsini na watano, wanaume thelathini na sita. Yaoundé hamsini na mmoja na ishirini na saba. Cotonou thelathini na kumi na wawili. Miji yenye UKIMWI mwingi ndiyo pia iliyokuwa na malengelenge mengi.

Mambo yaliyotofautisha miji hiyo, mbali na malengelenge yenyewe, yalikuwa kama haya: wasichana wa Kisumu na Ndola walianza mapenzi mapema na kuolewa mapema, na waume zao waliwazidi umri kwa miaka mingi. Halafu wanaume wengi wa miji hiyo miwili hawakuwa wametahiriwa, ilhali Yaoundé na Cotonou karibu wote wametahiriwa. Hapo msichana ndiye anayeumia. Kisumu, kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19, wenye virusi vya UKIMWI walikuwa ishirini na watatu kwa mia. Wavulana wa umri huohuo hawakufika wanne. Basi hao wasichana waliambukizwa na nani? Si wavulana wa darasa lao. Ni wanaume wakubwa, na wengine walikuwa waume zao wa halali, waliolipa mahari.

Tofauti ya wanawake na wanaume iko kila mahali palipopimwa, hata Ulaya na Marekani. Sehemu moja ni maumbile: mwanamke ana ngozi laini nyingi zaidi ya kupokea virusi, kwa hivyo mume humwambukiza mke kwa urahisi kuliko mke amwambukizavyo mume. Sehemu nyingine ni huo umri wa wanaume. Tunapohesabu wanawake wengi kuliko wanaume tusiseme wanawake ndio wanaoleta ugonjwa. Kwa kawaida wao ndio wanaoletewa.

Kuhusu kutahiri, baada ya hapo ulifanywa uchunguzi mkubwa Kisumu kwa vijana 2,784, na mwezi wa Desemba 2006 ukasimamishwa mapema kwa sababu faida ilikwisha onekana: waliotahiriwa walipata UKIMWI chini ya nusu ya wenzao. Kwa malengelenge faida ni ndogo zaidi. Huko Rakai, Uganda, matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2009 yalionyesha maambukizo yalipungua kwa robo hivi. Inasaidia, lakini haizuii kabisa, na kijana aliyetahiriwa asijidanganye.

MALENGELENGE NA UKIMWI

Kwa nini tunasumbuka na ugonjwa usioua? Kwa sababu mwenye malengelenge aina ya pili, akikutana na mwenye virusi vya UKIMWI, hatari yake ya kuambukizwa ni kama mara tatu. Kidonda ni mlango wazi. Tena hata kidonda kikipona na ngozi ikawa nzuri, chini yake hubaki chembe nyingi za damu zilizokuja kupigana, na hizo ndizo hasa ambazo virusi vya UKIMWI hupenda kuingia.

Wataalamu wakafikiri, basi tuwape watu dawa ya malengelenge kila siku, na UKIMWI utapungua. Walijaribu. Wanandoa zaidi ya 3,400 wa sehemu 14 za Afrika, pamoja na Nairobi, Thika, Eldoret na Kisumu, walishiriki. Matokeo yalitoka mwaka wa 2010. Vidonda vilipungua sana, lakini maambukizo ya UKIMWI kwa mwenzi hayakupungua. Tunaandika hili kwa sababu kuna watu wanaouza vidonge vya malengelenge sokoni wakisema ni kinga ya UKIMWI. Si kinga. Kilichoonyeshwa mwaka wa 2011 kuzuia maambukizo katika ndoa ni mwenye virusi vya UKIMWI kumeza dawa zake za UKIMWI vizuri kila siku. Kwa hivyo mtu akipata vidonda huko chini, jambo la kwanza ni kwenda kupimwa UKIMWI na kaswende, yeye na mwenziwe.

TURUDI KWA MAMA WA KARATASI

Kwanza, kupika. Malengelenge hayapiti kwa chakula, kwa kikombe, kwa choo wala kwa kushikana mikono. Hupita ngozi kwa ngozi wakati wa tendo la ndoa. Kikundi kilichomkataza kupika kimekosa mpishi bure. Tuliwaambia hivyo palepale bila kumtaja mtu, na wakaangaliana.

Pili, dawa. Vidonge vya asiklovia vipo, na vikianzwa siku za kwanza za vidonda hupunguza maumivu na siku za kuugua. Haviondoi virusi. Kwa wengi vidonda hurudi mara nyingi mwaka wa kwanza halafu vinapungua vyenyewe. Wakati wa vidonda, au mara tu mwasho unapoanza, wenye ndoa wapumzike. Lakini virusi hutoka hata siku ambazo ngozi haina alama. Mpira wa kondomu hupunguza hatari, hauimalizi. Tunajua kila kanisa lina mafundisho yake juu ya mpira. Sisi tunaandika atakachokuambia daktari, na mengine mtazungumza na mchungaji au padre wenu.

Tatu, wajawazito. Ni mara chache sana mtoto kuambukizwa akizaliwa, duniani ni kama watoto kumi kwa kila laki moja, lakini anayeambukizwa anaweza kufa. Hatari kubwa ni kwa mama anayepata ugonjwa huu mara ya kwanza miezi ya mwisho ya mimba. Aliye nao tangu zamani kwa kawaida huzaa salama. Akiwa na vidonda siku ya uchungu amwambie mkunga mara moja, asione haya, maana huenda ikafaa azae kwa njia ya upasuaji. Na mume asiyejua hali yake asimsogelee kwa papara mke aliye na mimba kubwa ikiwa yeye mwenyewe ana kidonda.

Nne, lawama. Hili ndilo gumu. Vipele vya kwanza kuonekana si lazima viwe siku ya kuambukizwa. Virusi vinaweza kulala mwilini miaka mingi kabla ya kutoa alama. Kwa hivyo mama aliyezaa watoto wanne akitokwa na vidonda leo, huenda alivipata mwezi uliopita, au mwaka wa harusi yake. Na aliyemletea huenda alivipata kabla hawajajuana, bila kuona hata kipele kimoja. Kipimo cha damu, kama tulivyosema, hakiandiki tarehe. Daktari anayesema "huu ni ugonjwa wa zinaa" amesema kweli, lakini asipoeleza haya mengine ameacha nyumba ikiungua. Tungewaomba wahudumu wa afya wamweleze mama na bwana wakiwa pamoja, hata kama foleni ni ndefu.

Mara ya pili tulipokwenda upande huo, mzee mmoja alitufuata hadi kwenye gari tukipakia viti. Si mzee sana, ni mtu wa miaka arobaini hivi. Alizungumza kwanza habari za mvua, halafu za ng'ombe. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo mwanamume asiye na kidonda, ambaye hajawahi kuona kitu. Anaweza kuwa ndiye?"

Tukamwambia anaweza.

"Na mnaweza kujua kwa hakika ni yeye ama ni bibi yake?"

Tukamwambia hapana, hakuna daktari anayeweza kujua hivyo sasa.

Alikaa kimya, akichorachora chini kwa kiatu. Halafu akauliza hivyo vidonge vya asiklovia vinauzwa pesa ngapi, na kama zahanati inafunguliwa Jumamosi.